Nilimpenda Kaka Yake Kwanza

Kutoka Rockville mpaka Germantown ni mwendo wa dakika ishirini siku ya Jumapili, na nilikuwa nimeapa kwamba ndani ya dakika hizo ishirini nitamwambia Dunstan ukweli. Tulipoipita Gaithersburg nilikuwa bado sijafungua mdomo.

"Mbona umekauka hivyo?" aliniuliza, macho yake yakiwa barabarani. "Unamwogopa mama?"

"Kidogo."

"Yule, uso tu ndio mkali. Juzi uwanja wa ndege wamemfungulia mzigo, wakakuta senene, wale panzi wetu, mfuko mzima. Ofisa anauliza hivi ni vitu gani, mama anamjibu kwa Kihaya. Kwa Kihaya, Vaileth! Halafu anachukua mmoja anamnyooshea: onja, baba."

Akacheka. Mimi nikageukia dirishani.

Kicheko kile kilikuwa kinaanzia puani, kinakwama kidogo kama injini inayogoma kuwaka, halafu kinapasuka chote kwa mpigo. Mara ya kwanza kukisikia Marekani ilikuwa Januari ya mwaka ule, 1998, kwenye sherehe ya Mkenya mmoja mitaa ya Shaw, karibu na chuo alichokuwa akisoma Dunstan. Nilikuwa jikoni naosha vikombe. Kicheko kikatoka sebuleni, na kikombe kikaniponyoka. Mtu mwenye kicheko hicho, Gervas wangu, nilikuwa nimemwona kwa macho yangu amekufa, Februari ya 1993, katika mji wa Lodzi, Poland.

Nilikifuata. Sitaki kudanganya hapo. Sikumfuata Dunstan, maana nilikuwa simjui, nilifuata sauti. Nikamkuta kijana mrefu, maji ya kunde, asiyefanana na Gervas hata ukucha. Gervas alikuwa mfupi, mweusi tii, ana mwanya. Nikajiambia ni masikio yangu tu. Na kwa kuwa Wahaya kila mtoto ana jina lake, hata aliponiambia anaitwa Dunstan Mutashobya, sikuwa na namna ya kumuunganisha na Gervas Kaijage. Tukaanza kuzungumza. Kisha kupigiana simu. Kisha kungojana stesheni ya Rockville, yeye akitoka darasani, mimi nikitoka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha.

Mwezi wa nne, tukiwa tumekaa kwenye benchi tunakula chipsi, akatoa picha kwenye pochi yake.

"Huyu ni kaka yangu. Alifia Ulaya, masomoni."

Nikaitazama. Gervas amesimama kwenye theluji, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, anacheka. Picha ile niliipiga mimi.

"Pole," nikasema. Neno hilo tu. Na aliponiuliza mimi nilisomea nchi gani huko Ulaya, nikasema Ujerumani.

Ilikuwa miezi saba sasa tangu siku ile. Ndani ya miezi hiyo saba nikampenda Dunstan. Akanivisha pete nyembamba ya fedha, akasema mama yake akija kutoka Bukoba atanipeleka nikamwone. Mama alikuwa amekuja.

"Tumefika," Dunstan akasema.

Dada yake, Adela, alikuwa anakaa kwenye zile nyumba mpya zilizoungana, zote rangi moja, mlango baada ya mlango. Alitufungulia kabla hatujagonga. Mumewe alikuwa kazini, lakini yeye, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameomba mapumziko kwa ajili yangu.

"Wifi! Karibu, karibu. Jamani, kumbe ni mzuri hivi? Dunstan, umemwokota wapi?"

Nikacheka kwa midomo. Ndani mama alikuwa amekaa kwenye kochi, khanga juu ya sweta, soksi za mwanaye wa kiume miguuni. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waitu, inuka, zulia lenyewe hili linachoma." Akanishika mkono, hakuuachia. Akanitazama kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu anayesoma. "Una mikono ya kazi," akasema, na akanipa kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna. Nikachukua punje mbili. Nilikuwa najua namna ya kuzitafuna. Gervas ndiye aliyenifundisha, lakini nikajifanya nauliza.

Ndipo nilipoinua macho. Ukutani, juu ya televisheni, ilikuwa ile picha ya kwenye theluji. Walikuwa wameikuza mpaka imekuwa kubwa kama dirisha. Uso wake ulikuwa umefifia kwa kukuzwa, macho yamekuwa madoa mawili meusi, lakini bado alikuwa anamcheka mtu aliyeshika kamera.

"Huyo ndiye kifungua mimba wangu," mama akasema, maana aliona ninapotazama. "Dunstan amekwambia?"

"Ameniambia, mama."

Tukala. Adela alikuwa amepika ndizi na maharage, na senene wamekaangwa mpaka wanalia mdomoni. Mama hakula sana. Kila nilipoinua kijiko alikuwa na swali.

"Dunstan anasema nawe ulisoma Ulaya. Ujerumani na Poland ni mbali?"

"Ni majirani, mama."

"Ehe. Basi hali ni moja. Niambie, mtu mweusi kule anaishije? Anakula nini? Maana huyu wangu aliondoka hajui hata kuchemsha chai."

"Mama," Dunstan akasema, "mwache ale."

"Anakula huku anasema. Wewe nyamaza."

Nikamwambia. Nilimwambia jinsi baridi inavyouma meno, jinsi mwaka wa kwanza wote ni wa kujifunza lugha tu, darasa zima watu wazima wanarudia kama vifaranga. Jinsi vitoto kwenye tramu vinavyokugusa mkono, halafu vinatazama kidole kama rangi imehamia. Jinsi mtu anavyopika kabichi kila siku, mpaka akiota ndoto inanuka kabichi. Mama alikuwa ameweka kijiko chini, mdomo wazi kidogo, anaipokea kila sentensi kama mtu anayepewa maji.

"Kabichi," akarudia. "Hata yeye aliandika kabichi."

"Na angekuwa hai anaandika mpaka leo," Adela akasema, akikusanya sahani, "kama si yule Mzungu wake."

Nikamgeukia Adela.

"Mzungu gani?"

"Alikuwa na msichana wa kizungu huko, jina lake Viola. Yeye ndiye aliyemuua."

"Dada, tusianze leo," Dunstan akasema.

"Anaingia kwenye familia, ajue."

Viola. Nilipofika Lodzi, mwalimu wa lugha alilitazama jina langu, Vaileth, akashindwa pa kulishika. Akasema kwao kuna Violeta, na Violeta kwa kifupi ni Viola. Mji mzima ukaniita hivyo, na Gervas akaniita hivyo, kwanza kwa utani, halafu kwa mapenzi. Sikujua kwamba aliniandika hivyo kwenye barua. Sikujua kwamba kwa miaka mitano, huko Bukoba, nilikuwa nimegeuka mwanamke wa kizungu.

Mama akafuta mikono, akafungua mkoba wake, akatoa bahasha iliyolegea kama kitambaa.

"Barua yake ya mwisho ilifika wiki mbili baada ya sanduku la mwili wake. Macho yangu hayaoni tena maandishi, na Adela amechoka kunisomea. Mwanangu, wewe una sauti nzuri. Nisomee."

"Mama, jamani," Dunstan akasema.

"Nimeomba kitu kikubwa?"

Nikaipokea. Mwandiko ulikuwa umeinama kulia, kama kawaida yake, herufi zinakimbizana. Ikawa kama mtu asiyekuwepo amenishika kidevu. Nikaanza kusoma kutoka juu kabisa, mji na tarehe.

"Wuch, tarehe kumi na saba Januari, 1993..."

"Wapi?" Adela akauliza kutoka jikoni.

Ulimi ulikuwa umeniteleza. Watu wote nyumbani husoma Lodzi, kwa sababu ndivyo linavyoonekana kwenye karatasi. Wenyeji tu, na walioishi nao, ndio wanaotamka Wuch.

Mama alikuwa amenikazia macho. "Soma tena hapo."

"Lodzi," nikasema.

"Hapana. Ulivyosema kwanza." Akavuta khanga. "Krismasi ile alinipigia simu posta ya Bukoba. Akasema, mama, niko Wuch. Nikadhani simu inakoroma."

"Si amekaa Ujerumani, mama," Dunstan akasema haraka. "Majirani hao, wanajua wanavyotamkiana." Akanitazama, akatabasamu, akinifungulia mlango wa kutokea bila yeye kujua ni mlango. Nikaupitia. Nikaendelea kusoma.

"Mama mpendwa, mimi ni mzima. Huku baridi imezidi, hata maziwa tukiyasahau dirishani yanageuka jiwe. Lakini usihofu. Tumepata chumba chetu wenyewe, ghorofa ya nne, kina bafu ndani. Viola ameziba..."

Sikuweza. Maneno yalikuwa pale, nayaona, lakini sauti iligoma. Mama, aliyekuwa ameijua barua yote kwa moyo, akaimalizia mwenyewe, taratibu, kama sala.

"Viola ameziba kila tundu kwa matambara, upepo haupiti tena. Nalala kama mtoto."

"Umesikia?" Adela akasimama mlangoni na sahani mkononi. "Ameziba kila tundu! Bafuni kuna jiko la gesi la kuchemsha maji, na tundu la hewa limezibwa, sumu ya gesi ikakosa pa kutokea. Polisi waliandika hivyo. Kaka yangu aliingia kuoga, hakutoka. Na huyo mwanamke hakuandika hata mstari mmoja wa pole. Hata mmoja!"

Nikaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile ya zamani. Nilikuwa naweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka mitano, nimekuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini mama alikuwa amekaa karibu yangu kiasi kwamba goti lake liligusa langu, na nikajua kwamba nikinyamaza sasa, nitakuwa nasoma barua ile kila Jumapili mpaka nife.

"Viola si Mzungu," nikasema.

Mama akanigeukia.

"Ni jina walilonipa kule. Sikusoma Ujerumani, mama. Viola ni mimi."

Sahani haikuanguka. Adela aliiweka juu ya meza, polepole mno, akaisukuma mbali na ukingo. Halafu akasema, "Toka nyumbani kwangu."

"Dada..." Dunstan akaanza.

"Atoke! Nimempikia. Nimemwita wifi. Atoke kabla sijamshika!"

Nikamtazama mama. Hakunitazama. Alinyoosha mkono akaichukua barua yake kwenye mapaja yangu, akairudisha mkobani, akafunga zipu. "Adela," akasema, "nipeleke chumbani nikalale." Akapita mbele yangu bila kunigusa, akapanda ngazi akishika ukuta.

Nilichukua koti langu, nikatoka.

Nje upepo wa Novemba ulikuwa unakimbiza majani kwenye maegesho. Sikuwa najua kituo cha basi kiko wapi, nilitembea tu. Nikasikia hatua nyuma yangu.

"Vaileth."

Nikasimama. Dunstan alikuwa ametoka na shati, hakuvaa hata jaketi.

"Lini?" akauliza. "Ulijua lini?"

"Mwezi wa nne. Siku ile uliponionyesha picha."

"Mwezi wa nne." Alihesabu kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza. "Miezi saba nakusimulia habari za kaka yangu. Alivyonifundisha kuogelea. Alivyoniibia sare ya shule akaenda nayo harusini. Na wewe unasema ehe, halafu? Ehe, halafu! Ulikuwa unanichezea?"

"Nilikuwa nataka kusikia. Wewe ulikuwa na Gervas wa utotoni. Mimi nilikuwa na yule wa mwisho tu. Nilikuwa na njaa ya huyo mwingine."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nani hapo katikati?"

"Dunstan..."

"Nijibu! Ile siku Shaw, ulikuja mwenyewe kutoka jikoni, ukasimama mbele yangu. Nikajiona mwanamume. Ulikuja kwa ajili ya nini?"

Ningeweza kutafuta neno laini. Sikulitafuta.

"Kicheko chako. Ni cha kwake."

Akarudi nyuma hatua moja, kama nimempiga kofi. Gari likapita, tukangoja lipite.

"Ukinitazama," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "unamwona nani?"

"Mwanzoni nilikuwa namsikia yeye. Ulikuwa ukicheka nafumba macho. Halafu nikaanza kungojea unyamaze, ili nikupate wewe. Kuna siku hukucheka kabisa, ulikuwa na homa, nimekupikia uji, na nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu." Machozi yalikuwa yanashuka, sikuyafuta. "Gervas hakuwahi kunikasirikia. Akiudhika alikuwa anatoka, anarudi na mkate. Sijui uso wake wa hasira unafananaje. Huo ulio nao sasa ni wako peke yako. Leo ndiyo siku ya kwanza nimekutazama nisimwone hata kidogo."

Akageuza uso.

"Sitakupeleka," akasema mwisho. "Siwezi kukaa na wewe kwenye gari moja."

"Sawa."

"Kituo kiko kule, kwenye kona. Basi la kwenda stesheni ya Shady Grove linachelewa Jumapili."

Nikaenda kituoni. Alinifuata kwa mbali, akasimama hatua kumi kutoka kwangu, mikono kwapani, anatazama upande mwingine. Basi lilikawia dakika arobaini. Lilipofika nikapanda, na nilipokaa dirishani nikamwona anageuka kurudi, shati limemganda mgongoni.

Nilipofika nyumbani, Chebet, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Aliona tu mkono wangu, nilivyokuwa nazungusha ile pete.

"Umewaambia?"

"Wote."

"Woi. Na sasa?"

"Sijui."

"Wewe nawe, si nilikwambia hii kitu itatoka tu? Haya, lala. Nitawaambia kazini uko mgonjwa." Akavaa viatu, akarudi kutoka mlangoni, akanikumbatia kwa nguvu. "Lakini umefanya poa, msichana."

Jumatatu simu haikulia. Jumanne haikulia. Jumatano jioni ikalia, na sauti ikawa ya mwanamke anayepiga kelele kama wafanyavyo wasioziamini simu.

"Huyo ni Viola?"

"Ni Vaileth, mama."

"Kesho Adela yuko kazini mchana. Uje."

Nilikwenda kwa basi. Mama alikuwa peke yake, amekaa pale pale kwenye kochi, na safari hii hakunipa mkono. Nilipotaka kupiga magoti akasema, "Usipige. Kaa."

Nikakaa chini ya ile picha, ili nisiione.

"Miaka mitano," akaanza, "nimemchukia mwanamke mwenye nywele za njano. Nilimtengeneza mwenyewe. Nikamvika viatu virefu, nikampaka rangi mdomoni. Usiku nilikuwa namtukana kwa Kihaya. Sasa amekuja na sura yako, anatafuna kahawa yangu. Sijui nimpeleke wapi yule mwingine, na wewe nikuweke wapi."

"Naelewa, mama."

"Huelewi, hujazaa. Nisikilize. Sikukuita nikusamehe. Nikisema leo nimekusamehe, ni ulimi umesema. Na Adela mwache kabisa, ana haki yake. Nimekuita kwa sababu sanduku lilifika limechomelewa bati. Hawakuniruhusu kulifungua. Nilizika sanduku, waitu. Wewe ndiye uliyemwona. Sasa nataka unisimulie. Lakini usianzie kifo. Anza siku uliyomjua."

Nikaanza. Nilimwambia darasa la lugha, Gervas amekaa dawati la nyuma na makoti mawili. Nilimwambia jinsi alivyosoma uhandisi wa nguo, akawa anashika nguo za watu kwenye tramu na kuzisugua kwa vidole kuona zimefumwaje, mpaka bibi mmoja akampiga na mwavuli. Mama akacheka, akajiziba mdomo, akaniambia niendelee. Nilimwambia mikate aliyokuwa akirudi nayo. Nilimwambia alikuwa akipanga kunipeleka Bukoba mwezi wa saba. Saa mbili zilipita. Chai ikapoa.

Mlango ukafunguliwa. Dunstan aliingia, mkoba wa madaftari begani, akasimama aliponiona. Sikujua kama mama alimwita au alikuja mwenyewe, na mpaka leo sijauliza.

"Mmefika wapi?" akamuuliza mama yake, si mimi.

"Tumefika kwenye kile chumba."

Akakaa kwenye ngazi, mbali, viwiko juu ya magoti.

"Endelea," akasema. "Usiruke kitu."

"Siku tuliyohamia, mwenye nyumba alitupitisha kila mahali. Alikuwa anasema haraka sana, kwa lahaja yake. Bafuni alinyoosha kidole juu, kwenye tundu, akasema maneno mengi. Gervas alikuwa chini anapandisha masanduku. Mimi sikuelewa. Nikaitikia, ndiyo, ndiyo. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mama. Mgeni akisemeshwa anaitikia, asionekane mjinga. Wiki ya tatu baridi ikazidi, nikapanda kiti, nikaliziba lile tundu kwa taulo. Nilijivunia. Gervas akaniita mhandisi." Nikakisogeza kando kikombe cha chai. "Yule mwenye nyumba alikuwa ananiambia nisiliguse. Nimelijua hilo baadaye, polisi walipomhoji mbele yangu. Sikuwaandikia kwa sababu ningeandika nini? Kwamba aliniambia, na mimi nikaitikia?"

Nje, mtu alikuwa anakwangua majani.

"Hata mimi hapa naitikia," mama akasema. "Jirani wa Adela ananisemesha kila asubuhi. Nasema yesi, yesi. Sijui naitikia nini." Akajipangusa pua kwa pindo la khanga. "Alikuwaje? Uso wake."

"Nilirudi saa nane mchana. Nikasikia maji yanamwagika. Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta. Uso wake haukuwa na maumivu, mama. Nakuapia. Mashavu yalikuwa na rangi, kama mtu aliyelala baada ya mchezo. Nilimwita mara nyingi kwa sababu sikuamini. Nilimvalisha shati kabla watu hawajaja, asikutwe vile. Lile jeupe ulilomshonea."

"Jeupe."

"Lenye mfuko mmoja."

Ndipo mama alipolia. Hakulia kwa sauti. Aliinama tu mbele, taratibu, mpaka paji la uso likagusa mapaja yake, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Dunstan akatoka kwenye ngazi, akapiga magoti mbele yake. Mimi sikujua kama nina ruhusa ya kumgusa. Mkono wa mama ukatoka chini ya khanga, ukatafuta, ukapata kidole changu kimoja, ukakishika.

Tulikaa hivyo mpaka saa kumi na moja.

"Mpeleke kwake," mama akamwambia Dunstan hatimaye. "Adela asimkute." Na mimi akaniambia, "Alhamisi ijayo uje. Mwaka wa pili umeupitisha haraka haraka, nimeona."

Garini hatukuwasha redio. Taa za magari zilikuwa zimejaa barabara nzima, watu wanarudi makwao. Tulikuwa tumeshaingia Rockville aliposema, "Siwezi kukuahidi kitu, Vaileth."

"Sijaomba."

"Dada hatakuja kwenye harusi yoyote. Namjua."

"Najua."

"Na mimi bado nina hasira. Nikikumbuka ile ehe, halafu, nataka kupiga kitu."

Nikaivua pete, nikaiweka kwenye kisahani cha sarafu, kati ya viti vyetu. Aliitazama, akarudisha macho barabarani.

"Ulimpenda kuliko mimi?"

"Nilimpenda kabla yako."

"Hujanijibu."

"Yeye nilimpenda nikiwa sijui kwamba mtu anaweza kufa hivi hivi, kwa taulo. Wewe nakupenda nikijua. Kila siku ukichelewa stesheni nakuzika, halafu unatokea kwenye ngazi na madaftari yako. Sijui lipi ni kubwa, Dunstan. Najua lipi ni gumu."

Aliingia kwenye maegesho ya jengo letu, akasimama mbele ya mlango, mahali pa kumteremsha mtu na kuondoka. Injini ilikuwa inanguruma. Nikafungua mkanda, nikashika kitasa.

"Asante kwa kunileta," nikasema.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele, kwenye ukuta wa matofali ambako hapakuwa na kitu. Nikaona taya lake linacheza. Kisha akarudisha gari nyuma kidogo, akalipeleka polepole kwenye nafasi iliyochorwa mistari, akalinyoosha vizuri katikati, akazima injini.

"Chebet yuko kazini?" akauliza.

"Mpaka saa tano."

"Basi twende," akasema. "Sijala tangu Jumapili."